Panga fanicha kwanza kabla fundi hajaweka milango: vipimo vya vyumba kwenye nyumba mpya

Watu wengi wakianza kujenga swali la kwanza ni chumba kiwe na ukubwa gani, tatu kwa tatu inatosha? tatu na nusu je? Mi naona swali lenyewe limeanzia pabaya, maana chumba cha mita 4 kwa 4 chenye milango mitatu na madirisha mawili yanayoshuka mpaka chini kinaweza kikakusumbua kukipanga kuliko chumba cha 3.6 chenye mlango mmoja uliokaa mahali pake. Kinachobeba fanicha ni ukuta, tena ukuta mzima, ambao haujakatwakatwa. Kwa hiyo ukiikunjua ramani yako usikimbilie mita za mraba, angalia kila chumba kina ukuta mzima wa urefu gani na uko upande upi, hapo ndo utajua kitanda kinakaa wapi, kabati wapi, sofa wapi. Na kama jibu hulioni basi mrudie aliyekuchorea sasa hivi, maana kusogeza mlango kwenye karatasi ni raba na penseli tu, kusogeza mlango uliojengwa ni nyundo, vumbi na fundi kukuangalia kwa jicho baya.

Haya yanamfaa zaidi aliye kwenye ramani au msingi, au ameshapandisha kuta ila hajapiga plasta wala hajachimba njia za waya. Kama nyumba imeshaisha kabisa na unasubiri kuhamia tu, mambo ya milango yatakuwa yameshapita ila mengine yote bado yanakuhusu.

Kipimo cha ramani siyo kipimo cha chumba

Hii inawapata wengi. Ramani imeandika 3000 kwa 3000, we unajua una mita 3 kamili, unaenda kuagiza kabati la mita 3 ukuta hadi ukuta, kabati linakuja haliingii. Kwanza muulize aliyechora vipimo vyake vinaanzia wapi, kuna wanaoandika tofali hadi tofali na kuna wanaoandika katikati ya ukuta hadi katikati ya ukuta, na kama ni hao wa pili ukuta wa tofali la inchi 6 umeshakula sentimita 15 zako kabla hujaanza. Halafu inakuja plasta, kawaida sentimita 1.5 hadi 2 kila upande, kwa hiyo ile mita 3 inabaki kama 2.96. Halafu chini kabisa kuna ile mistari ya tailizi inayozunguka ukutani, kila upande inakula kama sentimita moja nyingine, na kabati linasimama hapo hapo chini, ndo maana unakuta kabati limebaki na mwanya kwa nyuma wakati lilitakiwa ligande ukutani.

Ukipima chumba kilichokwisha jengwa pima sehemu tatu, chini, usawa wa kiuno na juu, afu chukua namba ndogo kuliko zote. Kuta hazinyooki kama tunavyodhani. Kona nazo zikague, pima sentimita 60 ukuta mmoja kutoka kwenye kona, 80 ukuta wa pili, weka alama, afu pima kutoka alama hadi alama, ikija 100 kona iko sawa, ikija 97 au 103 kona imelala na kabati la kujengea ukutani litahitaji kipande cha kuzibia. Njia nyingine ni kupima kona kwa kona kimshazari, pande zote mbili, zikilingana chumba kimekaa mraba.

Usiandike urefu na upana tu. Andika mlango uko sentimita ngapi kutoka kona, upana wake, unafungukia ndani au nje, bawaba ziko upande gani, dirisha linaanzia sentimita ngapi kutoka sakafuni, swichi ziko wapi, soketi ziko wapi, na dari iko juu kiasi gani. Urefu wa dari watu huwa wanausahau mpaka siku ya kusimamisha kabati.

Na chagua lugha moja ya vipimo aisee. Fundi wa kitanda anakwambia futi, wa kabati anakwambia sentimita, wa tivi anakwambia inchi, we uko katikati unachanganyikiwa. Futi moja ni sentimita 30.48, inchi ni 2.54, badilisha kila kitu kiwe sentimita afu endelea. Chumba cha kumi kwa kumi ni 305, cha kumi na mbili kwa kumi na mbili ni 366.

Karatasi, mkasi na vipande

Kuna programu za simu nzuri tu za kupanga nyumba, tumia kama unapenda, ila karatasi yenye miraba bado naiamini zaidi kwa sababu kwenye simu watu wanaishia kubadilisha rangi za makochi na kuangalia mapazia, nusu saa imepita na hakuna kilichopimwa. Chora kila chumba peke yake, sentimita 5 za karatasi ziwe mita moja ya chumba, kwa hiyo mraba wa nusu sentimita unakuwa sentimita 10 halisi. Chumba cha mita 4 kinakuwa sentimita 20, kinaenea kwenye karatasi ya kawaida ya A4.

Chora mlango ukiwa umefunguka, yaani lile duara lake lote chora, mlango wa 80 ni mshale wa sentimita 4 unaozunguka kutoka kwenye bawaba. Hapo ndo utaona kona ambazo ni za mlango na siyo zako. Afu kata vipande vya fanicha kwa vipimo vile vile uviandike majina.

Sasa sehemu ambayo wengi wanairuka: kata na vipande vya nafasi ya kupita. Chukua karatasi ya rangi nyingine, kata vipande vya sentimita 3, hiyo ni 60 ya kweli, mtu mmoja kupita kwa kujipinda kidogo, na vya 4.5 ambayo ni 90, mtu kupita vizuri akiwa amebeba kitu. Viweke kwenye mchoro kama fanicha nyingine, kimoja ubavuni mwa kitanda, kimoja mbele ya kabati. Ukifanya hivyo hutaweza kujidanganya, maana kitanda na kabati vinaweza vikaenea vizuri tu kwenye chumba na bado ukakosa pa kusimama ufungue mlango wa hilo kabati.

Chumba cha kulala, na hapa tukae kidogo

Kitanda cha sita kwa sita watu wanakipigia hesabu ya sentimita 183 kwa sababu ndo futi 6. Hiyo ni godoro. Kitanda chenyewe kina mbao pembeni, kina ubao wa kichwani, ukikipima kwa nje unakuta 195 kwa 195 au hadi mita 2 na zaidi kama kina ule ubao wa kichwani mnene wenye sponji. Cha tano kwa sita kwa nje kinakuja kama 165 upana. Kabati la nguo lina kina cha sentimita 60, chini ya hapo henga za nguo zinagusa mlango, na la milango ya kuslaidi linataka 65 kwa sababu ya reli.

Haya tuchukue kile chumba cha mita 3 kilichobaki 296 baada ya plasta. Kabati ukuta wa kushoto, 60 zimeenda, zimebaki 236. Weka sita kwa sita, toa 195, zimebaki 41. Sentimita 41 ndo nafasi yako yote ya kupita, pande zote mbili za kitanda kwa pamoja! Ukigandamiza kitanda ukutani upate hizo 41 zote upande wa kabati, mlango wa kabati wenye upana wa 45 haufunguki wote, na anayelala upande wa ukutani kila usiku lazima amvuke mwenzie. Ukiliweka kabati miguuni mwa kitanda ni yale yale. Cha tano kwa sita humo humo: 236 toa 165, zimebaki 71, kitanda kikigusa ukuta mmoja unaishi vizuri, ni chumba cha mtoto mkubwa au cha mgeni.

Chumba cha 3.6 kinabaki 356. Toa kabati, toa sita kwa sita, unabaki na 101, yaani 35 upande mmoja na 66 upande wa kabati, unapita ila unapita kwa heshima. Kwa tano kwa sita unabaki na 131, hapo 60 huku na 71 kule, safi kabisa. Chumba cha mita 4 na sita kwa sita unabaki na 141, weka 60 na 81, na stuli za kitandani pande zote mbili zinakaa. Kwa hiyo mtu akiniuliza masta, yaani chumba kikuu cha kulala, iwe ngapi kama anataka sita kwa sita na kabati la ukutani, jibu langu ni upande unaopimwa kutoka ukuta wa kabati kukatiza kitanda hadi ukuta wa pili usipungue mita 4, upande mwingine hata 3.4 unatosha kama hakuna cha kuweka miguuni. Kipimo cha mraba sawasawa, nne kwa nne, siyo lazima, watu wanakipenda tu kwenye ramani.

Nafasi ya mbele ya kabati la milango ya kawaida iwe 90 ukiweza, 75 ikiwa milango ni ya kuslaidi. Droo nazo zinatoka nje kama 40 au 45 na we mwenyewe unatakiwa usimame nyuma yake.

Sasa mlango. Umbali kati ya fremu ya mlango na kona ya chumba uwe wa aina mbili tu, ama 10 hadi 15, ama 65 hadi 70. Ikiwa 10 mlango unafunguka unalala ukutani, hakuna kinachopotea. Ikiwa 65 unapata pa kuweka kabati nyuma ya mlango, kina chake chote 60 kinaingia na mlango unafunguka bila kugonga. Lakini ikiwa 35 au 40, na ndo mafundi wengi wanavyoacha kwa mazoea, hapo hapatoshi kabati na hapafai kitu kingine, panakuwa pa fagio na pa kutundikia nguo chafu. Ni tofauti ya tofali moja tu kwenye kupanga kuta, mwambie fundi mapema, msimamie siku anaanza kozi ya kwanza, yaani mstari wa kwanza wa matofali.

Dirisha la chumbani likianzia 90 kutoka sakafuni unaweza kuweka meza au droo chini yake. Usipange kichwa cha kitanda chini ya dirisha kama una ukuta mwingine, ila kama hakuna ukuta mwingine basi siyo dhambi, hakikisha tu ubao wa kichwani hauzidi pale dirisha linapoanzia na pazia lina pa kushukia.

Sebule

Kwenye sebule ndo utaona kuta zinavyoisha. Mlango mkubwa wa nje, uwazi wa kwenda korido, uwazi wa kwenda mezani, mlango wa jikoni na dirisha kubwa la mbele, matundu matano kwenye chumba chenye kuta nne. Sofa likae wapi? Kabla hujafanya lolote chukua penseli chora njia za watu, kutoka mlango wa nje hadi korido, kutoka korido hadi jikoni, kila njia upana wa 90. Kama njia hizo zinapita katikati ya sebule basi kila anayetoka chumbani atakatiza kati ya watu na tivi, milele. Dawa yake ni kusogeza matundu yawe upande mmoja wa chumba, njia ipite pembeni na upande wa pili ubaki shwari na kuta zake mbili nzima, moja ya sofa na moja ya tivi.

Vipimo vya kushika: sofa la watu watatu urefu ni kama 200 hadi 230, la wawili 150 hadi 170, la mmoja 80 hadi 100, na kina cha yote ni 85 hadi 100, yale manene ya kisasa yanafika hata 105. Meza ya kati ikae 40 hadi 45 kutoka kwenye sofa, ukiisogeza zaidi mtu analazimika kuinuka kuchukua glasi, ukiibana miguu haipiti. Seti nzima ya makochi ya 3, 2, 1, 1 kwenye sebule ya 4 kwa 4 ni kujitafutia msongamano, mi ningechukua la watu watatu na mawili ya mmoja mmoja yanayosogezeka, au sofa la L. Ila la L ulize vizuri mkono wake mrefu uko kulia au kushoto, na kulia kwa nani, kwa aliyekaa au kwa anayelitazama, wauzaji wanatofautiana na hapo ndo watu wanaletewa sofa linaloziba mlango.

Tivi ya inchi 55, hizo inchi ni kona kwa kona, upana wake ni kama sentimita 122, ya 43 ni 95, ya 65 ni 144. Umbali wa kukaa chukua kimshazari chake zidisha mara moja na nusu hadi mbili na nusu, kwa hiyo ya 55 ni kuanzia mita 2.1 hadi 3.5. Katikati ya kioo pawe kama mita 1 hadi 1.1 kutoka sakafuni, hapo ndo macho ya mtu aliyekaa yalipo, hii tabia ya kuitundika tivi karibu na dari kama iko stendi ya mabasi siielewi, shingo zinauma. Na isitazamane na dirisha wala isiwe na dirisha mgongoni, ikae ukuta wa pembeni ya dirisha.

Meza ya chakula

Kila mtu anataka sentimita 60 za ukingo wa meza. Meza ya watu sita ni 90 kwa 160 au 180. Nyuma ya kiti acha 75 ili mtu avute kiti akae, na kama kuna watu wanapita nyuma ya waliokaa acha 100 au zaidi. Kwa hiyo meza ya 90 yenye watu pande mbili inataka chumba chenye upana wa 240 kwenda juu, chini ya hapo igandamize upande mmoja ukutani uweke benchi. Ya duara ya 120 inakaa watu wanne kwa nafasi na hadi sita kwa kubanana, nayo ni nzuri kwa sehemu ya kupitapita kwa sababu haina kona za kugonga nyonga.

Jikoni

Kaunta ina kina cha 60 na urefu wa 85 hadi 90. Urefu wake usiige tu, kunja kiwiko ukiwa umesimama, pima kutoka sakafuni hadi kiwiko, toa 10 hadi 15, hapo ndo kaunta yako, mgongo utakushukuru. Makabati ya juu yaanze 50 hadi 60 kutoka kwenye kaunta na kina chake 30 hadi 35, yakizidi hapo kichwa kinagonga. Kaunta zikiwa pande mbili acha 105 hadi 120 katikati, kwa hiyo jiko la namna hiyo linataka upana wa 2.3 hadi 2.4. Ya upande mmoja inatosha na 1.8.

Ukubwa wa jiko siyo kila kitu. Mwaka 1926 msanifu Margarete Schütte-Lihotzky alichora jiko la nyumba za Frankfurt lenye upana wa kama mita 1.9 na urefu wa 3.4 hivi, akahesabu mpaka hatua za anayepika, na jiko likafanya kazi vizuri ndani ya kajisehemu hako. Hesabu inayotumika mpaka leo ni ya pembetatu: sinki, jiko la kupikia na friji, pima umbali kati yao tatu jumlisha, ije kati ya mita 4 na 8. Chini ya 4 mnabanana, juu ya 8 unatembea sana na sufuria ya moto mkononi.

Friji la upana wa 70 litafutie nafasi ya 75 au 80, linataka hewa nyuma na pembeni. Usilibane kwenye kona upande wa bawaba, maana mlango lazima upite robo ya mzunguko kidogo ndo zile droo za ndani zitoke. Jiko la kupikia lisikae mwisho wa kaunta jirani na mlango, acha angalau 30 ya kaunta kila upande ya kutulia sufuria, na lisikae chini ya dirisha lenye pazia. Sinki chini ya dirisha ni sawa, ila dirisha lianzie 105 au 110, na kama linafungukia ndani hakikisha bomba halilizuii.

Bafu na choo

Hapa ni kifupi. Katikati ya choo cha kukaa hadi ukuta wa pembeni 40, mbele yake 60, sehemu ya kuogea 90 kwa 90 isipungue, sinki la kunawia 80 hadi 85 juu. Choo chenyewe kichague kabla bomba la maji taka halijazikwa kwenye zege, kwa sababu umbali wa tundu kutoka ukutani unatofautiana choo na choo, na upime kutoka ukuta uliokwisha tailizi siyo kutoka tofali. Bafu likiwa dogo mlango ufungukie nje au uwe wa kuslaidi, mlango wa kugonga choo ni kero ya kila siku.

Umeme ufuate fanicha

Ukishagandisha vile vipande vya karatasi mahali pake, piga picha mchoro mpe fundi umeme kabla hajachimba ukuta. Bila hivyo atakuwekea soketi mbili kila chumba, moja itaishia nyuma ya kabati na nyingine nyuma ya kichwa cha kitanda.

Kitanda kipimie hivi: tafuta katikati ya pale kichwa kitakapokaa, kwa sita kwa sita nusu yake ni kama 98, ongeza 15, soketi iwe 113 hivi kila upande, juu kutoka sakafuni 65 hadi 70 ili itokeze juu ya stuli. Hata siku ukiweka cha tano kwa sita humo soketi bado itaangukia juu ya stuli. Taa ya chumbani iwe na swichi mbili, moja mlangoni na moja kitandani, na ya mlangoni iwe upande wa kitasa, usiingie gizani ukaanza kupapasa nyuma ya mlango. Soketi ya tivi iwe nyuma ya tivi yenyewe, kama mita 1.1 juu, na bomba la kupitishia nyaya lishuke ndani ya ukuta mpaka kwenye meza yake. Za jikoni zikae 110, juu ya kaunta.

Pangaboi nalo liko kwenye hesabu. Fundi analiweka katikati ya chumba kamili, lakini kabati limekula 60 za upande mmoja, kwa hiyo katikati ya chumba siyo katikati ya sehemu mnayolala, lisogeze lije juu ya kitanda na mapanga yawe mbali na milango mirefu ya kabati. Na taa zisikae juu ya mapanga ya feni, mwanga ukikatwakatwa chumba kizima kinapepesa, kichwa kinauma. Kiyoyozi kisipulizie moja kwa moja kwenye mto, kikae ukuta wa ubavuni.

Chora sakafuni

Onyo moja kabla ya hili: ukisimama kwenye msingi vyumba vyote vinaonekana vidogo mno, watu wanatishika wanaanza kuongeza nusu mita kwa macho tu. Usibadilishe kitu kwa macho, kipimo ndo kisemacho.

Kuta zikisimama na sakafu ikiwepo, hata ya zege tu, chukua chaki uchore kila kitu kwa ukubwa wake halisi. Afu ishi humo. Fungua mlango wa kufikirika wa kabati, rudi nyuma hatua moja, je umekanyaga kitanda? Beba beseni pita kati ya kitanda na ukuta. Weka kiti cha plastiki pale sofa litakapokuwa, kaa, tazama ukuta wa tivi, mwambie mtu apite kutoka mlangoni hadi korido uone kama anakukatiza. Mje wawili kwa pamoja jikoni mmoja ainame kama anafungua oveni mwingine apite nyuma yake. Dakika chache tu na utakuwa umeshafuta nusu ya mistari.

Kitu kitaingiaje ndani

Unaweza ukawa na chumba kinachotosha kabati lakini njia ya kulifikisha humo haipo. Fremu ya mlango ya 90 ukitoa mbao zake na unene wa mlango uliofunguka unabaki na kama 80 wazi. Sofa lenye kina cha 100 litapita kwa kulazwa ubavu kama mgongo wake hauzidi hizo 80, ukizidi mtafungua miguu, na kama miguu haifunguki mtang'oa mlango. Korido ya 90 yenye kona kali ni tatizo kwa chochote kirefu kuliko mita 2, pima kona hiyo kabla ya kulipia, na ngazi kama nyumba ni ya ghorofa pima pale zinapogeuka, na usitegemee dirisha kwa sababu gril zimeshawekwa.

Na kabati refu ndo lina mtego wake. Umeagiza kabati la kimo cha 240, dari yako ni 245, unaona limebaki na sentimita 5, tatizo liko wapi? Limeingia limelazwa, sasa mnalisimamisha, na likiwa linainuka ile kona ya juu inapita zaidi ya 240, kwa kina cha 60 inafika 247 na ushee. Dari ya 245 inagongwa, kabati linabaki limeinama katikati ya chumba na watu wanne wamelishikilia wanaulizana. Ama upunguze kimo kije 235, ama fundi alilete vipande vipande alifungie humo humo chumbani likiwa limesimama, na vipimo aje achukue mwenyewe baada ya plasta na tailizi kuisha.